Kizibo Cheusi cha Alhamisi

Jumamosi, 5 Machi 1994

Leo Baba Lucky amevunja redio tatu. Si kwa hasira, hapo ningemwelewa. Amezifungua kwa bisibisi, akatoa spika, akazipiga nyundo, akakaa uani na vipande vya sumaku mapajani utadhani kagawiwa urithi. Nimerudi kutoka sokoni Kwa Mrombo na furushi la sweta kichwani, shingo haigeuki, nikamkuta hivyo. Nikauliza kulikoni. Akasema anatengeneza kalenda.

Ukutani tuna kalenda ya kanisa, tuna na ya duka la mbolea yenye picha ya trekta, na zote mbili bado zinaonyesha Januari kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kuzifunua. Akanieleza kwamba hizo zinakufa kila Desemba, yake haitakufa. Tarehe zitakuwa vizibo vya soda vyenye sumaku, mwezi ukiisha unavipanga upya, mwaka wowote, hadi Yesu arudi. Nikasema vizuri, akirudi atamkuta mmoja wetu ana shughuli.

Hakucheka. Zamani angecheka.

Basi nami nimetoa kaunta buku iliyobaki tangu nikiwa mwalimu. Nilifundisha darasa la tatu miaka kumi na saba, kisha kila kitu kikawa ruksa nami nikaiacha chaki nikaingia kwenye mitumba. Mume wangu Abdiel alikuwa fundi bati kiwandani miaka ishirini na miwili mpaka Julai iliyopita, walipomaliza kusoma majina getini na jina lake likiwemo. Wanasema wamepunguzwa, kama chumvi iliyozidi kwenye mboga. Tangu hapo yuko nyumbani na mimi ndiye ninayeamka. Nisipoandika mahali nitamwambia usoni.

Jumanne, 8 Machi

Mawingu yamekaa juu ya Meru, mvua hakuna. Vizibo ishirini na sita. Anaviokota mbele ya baa, mtu mzima wa miaka hamsini, na jirani zangu wanamwona.

Jumamosi, 12 Machi

Ubao wenyewe ni mlango wa friji langu. Friji hilo lilitoka Dubai, likafanya kazi miezi minne, mgao wa umeme ukaliua. Nikaliacha sebuleni na kitambaa cha kufuma juu yake, na wageni walikuwa hawajui kwamba ndani ninaweka viatu. Leo nimelikuta limevuliwa kitambaa na kuchorwa mistari. Safu saba, Jumapili mpaka Jumamosi, mistari sita kwenda chini. Kila kizibo amekigonga kwa msumari kutokea ndani, nukta kwa nukta, mpaka tarakimu zikasimama kwa nje kama upele. Kisha amepaka rangi nyekundu juu yake, na rangi imetoka nje ya tarakimu kila mahali. Mwandiko wa darasa la kwanza. Mtoto angeniletea kazi hiyo ningemrudisha.

Kuna vizibo vya ukumbusho pia. Vya mgao wa maji amevifunga uzi, vya jumuiya amevipiga msalaba, vya siku zangu za kufungua robota la mitumba amevitoboa tundu katikati. Na kuna duara zima la sumaku ya spika, hilo ndilo leo. Kila asubuhi redio ikitaja tarehe analisogeza.

Lucky kapenda. Yuko kidato cha pili, umri wa kupenda chochote kisicho kitabu.

Jumatano, 16 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale.

Jumapili, 20 Machi

Leo ametutangazia sheria. Jumuiya ilikuwa kwetu jana, mimi nikiwa na uhakika ni wiki ijayo, waumini kumi na wanane wakanikuta nimejifunga kanga kifuani naosha sufuria. Ubao ulikuwa unasema Jumamosi ya kumi na tisa, msalaba wake umekaa pale wiki nzima. Baada ya wageni kuondoka akatuweka mimi na Lucky mbele ya friji akasema kuanzia leo hakuna kubishana na ubao. Kichwa kinadanganya, ubao haudanganyi. Mtu akikumbuka hivi na ubao ukisema vile, ubao ndio sahihi.

Alisema kwa sauti yake ya kiwandani, ya unyapara. Sikuwa nimeisikia miezi minane. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekosea, nikachukia zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Alhamisi, 24 Machi

Amepita katikati ya maharage niliyoyaanika mkekani sebuleni. Hakuomba radhi. Nimemwambia nyumba hii ina mmoja anayefanya kazi na wawili wanaokula, wanaokula basi waangalie wanapokanyaga. Lucky aliinama. Yeye alisimama tu, mguu mmoja juu ya maharage, kisha akatoka nje mvuani.

Yalikuwa maneno makali. Lakini maharage yalikuwa yangu.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Kabla ya ibada amepanga mwezi mpya. Lucky alimsaidia kutaja, yeye akaweka: moja Ijumaa, mbili Jumamosi, na kuendelea. Alipomaliza akatoa mfukoni kizibo ambacho hatujakiona, amekivika mpira mweusi wa tairi la baiskeli. Akapapasa safu ya Alhamisi, akahesabu, akakiweka pembeni ya kumi na nne.

Nikauliza hicho ni cha nini. Akasema ni chake.

Jumatano, 6 Aprili

Namnyaki, anayeuza maziwa karibu na meza yangu pale Kwa Mrombo, hana tabia ya umbea, ndiyo maana imeniuma. Kanikalisha akaniambia amemwona mzee wangu kule Levolosi jana na yule Evelyn aliyekuwa karani kiwandani. Nikasema walifanya kazi pamoja, kuna ubaya gani kusalimiana. Namnyaki akafunika kibuyu chake taratibu, akasema, "Mama Lucky, alikuwa amemshika mkono. Wanavuka mtaro wameshikana."

Miaka ishirini na moja ya ndoa, nilihama Ukatoliki wa kwetu Kibosho nikaingia Ulutheri wa kwao Machame, na mtu huyu hajawahi kunishika mkono barabarani.

Nimeuza sweta moja tu leo.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimemwuliza anakokwenda kila Jumanne. Akasema anakwenda kunyoosha miguu. Mpaka Levolosi, nikasema, miguu yako ni mirefu. Akaninyanyulia uso, lakini hakunitazama, alitazama kama bega langu hivi, akasema kuna mtu anamfundisha jambo. Nikasema nina hakika.

Siku hizi haangalii mtu usoni. Watu wameanza kunilalamikia kwamba anapita bila kusalimu, kwamba tangu apunguzwe amekuwa na maringo. Gazeti haligusi, eti haya mapya ni uongo mtupu. Anamimina chai mpaka inafurika kwenye sahani. Akili yote iko Levolosi.

Jumapili, 10 Aprili

Nimefanya kitu na sijutii. Walikuwa bado kanisani, yeye na Lucky, mimi niliwahi kurudi kupika. Nikasimama mbele ya friji, nikakitazama kizibo cheusi kwenye Alhamisi yake ya kumi na nne, miadi yao bila shaka, nikakishusha mstari mmoja. Alhamisi ileile, ila ya tarehe ishirini na moja. Mpe mwanamke huyo nafasi ya kusubiri wiki nzima aone utamu wake.

Ubao haudanganyi, si alisema mwenyewe.

Jumatano, 13 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mgomba wa nyuma umeanguka. Redioni ni Rwanda, Rwanda tu.

Nilikuwa napanga sweta kwa ukubwa, yeye akawa amesimama mbele ya ubao anapitisha vidole, kama afanyavyo, chini na juu kwenye safu ya Alhamisi. Akakaa hapo muda mrefu. Kisha akauliza, bila kugeuka:

"Mama Lucky, hiki cheusi si nilikiweka wiki hii?"

Nilijua ananijaribu. Nikajibu, "Kiko palepale ulipokiweka."

"Hakuna aliyekigusa?"

"Nani ana haja na kizibo chako."

Akarudia kupapasa, akacheka kidogo, kicheko kikavu. Akasema basi ni kichwa chake, na kwamba yeye ndiye aliyetunga sheria.

Alhamisi, 14 Aprili

Hakutoka. Mvua.

Alhamisi, 21 Aprili

Alivaa koti la harusi. Alinyoa ndevu akajikata mara tatu. Akaniuliza kama Lucky anaweza kumsindikiza kabla ya shule mpaka barabara kubwa, nikasema Lucky ana mtihani, jambo la uongo. Nikamtazama kutoka dirishani akienda kwenye tope, anachunguza kwa mguu kabla ya kukanyaga, nikasema moyoni tazama anavyotunza viatu kwa ajili yake.

Saa saba amerudi, koti limelowa, goti lina tope kama aliyepiga magoti. Nikauliza mambo yamekwendaje. Akasema siku ilikuwa imeshapita.

Hakula. Nilidhani nitafurahi, nikafurahi kama dakika kumi hivi.

Jumapili, 24 Aprili

Hajaenda kanisani. Duara la leo bado liko kwenye ishirini na moja.

Jumapili, 1 Mei

Mwezi mpya na hajapanga. Lucky alijitolea, baba yake akamwambia acha. Kwenye friji letu bado ni Aprili. Haendi Levolosi, haendi popote, amekaa kwenye kigoda uani chini ya ukingo wa paa, mvua inamrukia miguuni na hasogei. Jana jumuiya imetupita na leo maji yametupita. Ni ajabu jinsi nyumba inavyoharibika haraka.

Nimeanza kufikiri kwamba mtu aliyekosa mwanamke halii hivi. Mtu aliyekosa mwanamke anakasirika, anatafuta siku nyingine. Ilikuwa nini basi? Kazi? Labda Evelyn alimtafutia kazi kwa hawa wawekezaji wapya, naye akafika wiki moja baada ya nafasi kujaa.

Jumamosi, 7 Mei

Nilikwenda Kibosho kumzika shangazi, na wakati wa kurudi nikakata jani moja la isale kwenye mpaka wa kihamba cha baba, shamba letu la ukoo. Kwetu, ukimkosea mtu unampelekea isale umelifunga fundo, na yeye hawezi kukukatalia. Hata aliyeuliwa ndugu yake, akipelekewa isale anakaa kusikiliza. Wamachame nao wanalijua hilo kama sisi.

Lakini isale hupelekwa mkononi, na ukilipeleka lazima useme kosa. Mimi nimeshindwa. Nimelibana mlangoni mwa friji, chini ya kizibo chake cheusi, mahali ambapo hawezi kukosa kuliona. Mwenye akili ataelewa. Akishalichukua nitajua nimesamehewa, na hatutahitaji maneno.

Jumapili, 8 Mei

Jani bado lipo.

Jumatatu, 9 Mei

Bado lipo. Amepita mbele yake mara nne.

Alhamisi, 12 Mei

Lipo. Mvua na ukungu, Meru haijaonekana wiki nzima.

Jumapili, 15 Mei

Lucky kaniuliza nani kaweka isale ubaoni. Nikamwambia ashughulike na vitabu vyake. Ina maana mtoto kaliona siku ya kwanza. Baba yake je?

Jumatatu, 16 Mei

Siku tisa. Limeanza kukunjamana. Leo alisimama mbele ya friji akitafuta viatu, uso wake shubiri moja kutoka kwenye jani la baba yangu, akafungua mlango, akachukua viatu, akafunga. Hata kope haikucheza.

Sijawahi kusikia mtu akikataa isale. Sijawahi. Wezi wa ng'ombe wamepokelewa isale lao. Mimi ninayemlisha, ninayemvisha, ninayebeba mafurushi mpaka utosi umeisha nywele, nimejishusha mbele ya mtu aliyekuwa akitembea na karani, na ananifungia mlango wa friji usoni. Basi nimemaliza. Masika yakiisha namchukua Lucky narudi Kibosho, na yeye abaki na sumaku zake.

Alhamisi, 19 Mei

Evelyn alikuja sokoni.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Nilikuwa nimeinama kwenye robota, nikasikia shikamoo, mama. Kuinuka ni yeye, mwembamba, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Sikuitikia. Namnyaki aliacha kuuza maziwa ili asikie. Evelyn akasema samahani, alitaka kuja siku nyingi, aliogopa kwa sababu amesikia ninavyomsema hapa sokoni, lakini ameshindwa kuvumilia. Anauliza kama mzee alipata kwenda kwa daktari mahali pengine.

Nikauliza daktari gani.

Aliniangalia kwanza, kuona kama namfanyia mzaha. Kisha akasema:

"Wa macho, mama. Wale wageni waliokuja hospitali siku moja tu, tarehe kumi na nne. Nilimsubiri getini tangu saa moja mpaka saa saba ili nimwingize ndani. Jina lake liliitwa mara tatu."

Akanieleza yote: mzee ana presha ya macho. La kushoto lilikufa zamani, akiwa bado kiwandani, hakusema asije akaondolewa, na wakamwondoa vilevile. La kulia lilikuwa linafifia kila wiki. Mama yake Evelyn ni kipofu mwaka wa kumi na mbili huu, na Abdiel alikuwa akienda kila Jumanne kukaa naye, amfundishe jinsi ya kumimina chai, jinsi ya kuvuka mtaro, jinsi ya kujua leo ni lini bila kumwuliza mtu. Evelyn alikuwa akimshika mkono kwenye mtaro kwa sababu aliwahi kuanguka humo.

Nikauliza kwa nini hakuniambia mimi. Evelyn alitazama sweta zangu. Akasema mzee aliwaambia kwamba nyumbani kuna mmoja anayefanya kazi na wawili wanaokula, na hakutaka mmoja wa hao wawili awe asiyeona sahani.

Nilifunga meza saa nane.

Ijumaa, 20 Mei

Nimesimama mbele ya friji, nikafumba macho, nikapitisha vidole. Moja. Mbili. Tatu. Zinasomeka zote. Uzi ni maji, msalaba ni jumuiya, tundu ni mimi. Rangi ndiyo iliyokuwa ya kutudanganya sisi tunaoona.

Nilifundisha watoto kusoma miaka kumi na saba. Huyu aliandika mlangoni mwangu, kwa nukta kubwa, kwamba anapofuka, nami nikasahihisha mwandiko.

Jumapili, 22 Mei

Nimempa. Lucky alikuwa kwaya. Nilivuta kigoda mbele yake uani, nikachukua mkono wake, nikaweka jani kwenye kiganja. Limekauka, lakini fundo bado lipo. Alilipapasa kidogo tu akajua.

"Isale," akasema. "La nini?"

Nikamwambia. Kizibo, mstari mmoja, Jumapili ya tarehe kumi. Nikamwambia na lile jibu nililompa Jumatano. Nilidhani nitalia, sikulia, sauti ilinitoka kavu kama ya kuita majina darasani. Yeye alinisikiliza ameinamisha kichwa.

Aliligeuzageuza jani kiganjani mpaka nikasikia nyimbo za kanisani zimeisha. Kisha akasema kwamba siku ile, tarehe kumi na tatu, alikuwa na hakika kabisa. Kichwani mwake ilikuwa kumi na nne, wazi. Akaniuliza mimi, nikamjibu, naye akaona ni aibu kuvunja sheria yake mwenyewe. Alisema bila ugomvi, na ningependa agombe.

"Isale halikataliwi," akasema. "Nimelipokea. Ungekuja mikono mitupu, Kandida, sijui."

Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu Lucky azaliwe.

Jumatatu, 6 Juni

Tumetoka Moshi, hospitali kubwa. Daktari ni kijana, ana adabu. Mishipa ya jicho ikishakufa hairudi. Akauliza kwa nini hatukuja mapema, angalau Aprili wangeokoa kilichokuwa kimebaki. Nilifungua mdomo. Abdiel akawahi kujibu kwamba kulikuwa na mvua.

Njia nzima ya kurudi nilimshika mkono. Hakuukaza, hakuutoa.

Jumapili, 19 Juni

Mvua zimekwisha. Baridi. Meru imefunguka yote mpaka kileleni, nikajikuta nimemwambia tazama.

Ijumaa, 1 Julai

Leo asubuhi kaniambia nipange mwezi. Friji limekaa na Aprili yake miezi miwili na zaidi. Nikavua vizibo vyote, nikavifuta vumbi, nikamwuliza Julai inaanza siku gani. Ijumaa, akasema, redio imesema. Nikaanza: moja Ijumaa, mbili Jumamosi, tatu Jumapili. Nilipofika mstari wa tatu mkono ulinisimama. Vilikuwa vinarudi kila kimoja palepale nilipokitoa. Julai yote imekaa kama Aprili.

Nikaweka maji, nikaweka jumuiya, nikaweka siku zangu za robota. Nikataka kukitupa kile cheusi. Akanyoosha mkono, akakidai, kisha akatoa mfukoni jani la isale, limebaki fundo na kipande. Akaniambia nivibane pamoja kwenye tarehe kumi na nne, na kila mwezi nitakapopanga, kumi na nne ikienda popote, vitaifuata.

Nikabana.

"Imeangukia siku gani?" akauliza.

"Alhamisi."

Aliinuka kwenye kiti, akaja mpaka kwenye friji, akatafuta ukingo wa mlango, akaanza kuhesabu mwenyewe kwa kidole.